Magongo: Tuwalee Vijana, Tusiokoteze Timu

Wananchi, iko hesabu moja ambayo kila mpenda nchi yake yampasa aifanye mwenyewe, asingoje kufanyiwa na wageni. Mwaka 1971 mataifa yalikutana Barcelona kugombea Kombe la Dunia la kwanza la mpira wa magongo, na Kenya ikatoka ya nne. Mbele yetu zilikuwa Pakistan, Hispania na India, basi. Hata hiyo India, katika kugombea nafasi ya tatu, ilitushinda kwa mabao mawili kwa moja baada ya kuongezwa muda. Siku zile sisi watu wa Kenya tulikuwa karibu milioni 11. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa tumepita milioni 47. Watu wameongezeka mara nne na zaidi, na shule zimeongezeka kuliko watu. Lakini tangu Michezo ya Olimpiki ya Seoul ya mwaka 1988, timu yetu ya magongo haijakanyaga tena uwanja wa Olimpiki.

Basi nauliza: vijana wa leo wana mikono mifupi kuliko babu zao? Wanakula hewa? Damu imebadilika? Hakuna mtu mwenye akili atakayekubali jambo hilo. Kilichopungua si vijana. Kilichopungua ni malezi. Na malezi ni kazi ya taifa, wala si kazi ya bahati.

Naandika habari hii katika gazeti letu kwa sababu wapo wenzetu ndani ya chama wanaodhani kuwa michezo ni mambo ya kupumzikia, ya kuzungumzwa Jumapili baada ya mambo makubwa kwisha. Nami nasema kuwa namna taifa linavyowatayarisha vijana wake kwenda kusimama mbele ya mataifa mengine yaonyesha namna linavyofanya mambo yote. Anayeokoteza timu wiki tatu kabla ya safari ndiye anayeokoteza mbegu mvua ikisha kunyesha.

TULIKOTOKA

Yafaa vijana wajue habari zao, maana wengi hawakuzisikia shuleni. Kenya ilikwenda Melbourne mwaka 1956, tukiwa bado chini ya mkoloni, ikatoka ya 10. Rome mwaka 1960 ikatoka ya 7. Tokyo mwaka 1964, haujatimia hata mwaka mmoja tangu bendera yetu ipandishwe tarehe 12 Desemba 1963, ikatoka ya 6 katika dunia nzima. Mexico City mwaka 1968 ikatoka ya 8. Wakati ule hapakuwa na nchi nyingi za Afrika zilizotajwa katika mchezo huu. Iliyotajwa ilikuwa Kenya.

Katika timu hizo alikuwamo Avtar Singh Sohal, ambaye watu humwita Tari, mlinzi wa nyuma aliyecheza Olimpiki nne, kuanzia Rome mpaka Munich mwaka 1972, na akawa nahodha wa nchi kwa miaka mingi. Alikuwamo Surjeet Singh Panesar, naye Olimpiki nne. Walikuwamo Alu Mendonca na Hilary Fernandes. Majina hayo yaonyesha kitu ambacho baadhi ya watu hawapendi kukisema waziwazi, nami nitakisema: wengi wa wachezaji wale walikuwa wananchi wenye asili ya Kihindi na Kigoa.

Je, walitoka mbinguni? Hapana. Walitoka katika ngazi iliyojengwa vizuri. Mtoto wa Kigoa wa Nairobi alishika gongo katika shule ya Dr Ribeiro, ambayo ilitoa wachezaji wengi wa Olimpiki. Jumamosi alikwenda kumtazama kaka yake akichezea klabu. Akiwa na miaka 15 aliingizwa katika timu ya pili ya klabu hiyo, akapigwa chenga na watu wazima mpaka akajifunza. Watoto wa Kisingasinga nao walikuwa na klabu yao ya Sikh Union. Klabu ilishindana na klabu kila wiki, na mwisho wa msimu walioteuliwa kwenda timu ya taifa walikuwa wamejulikana na kila mtu. Hakuna aliyeteuliwa kwa sababu ya mjomba wake.

Lakini tusisahau jambo la pili. Mkoloni alizigawa shule kwa rangi: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali, na za Waafrika ndizo zilizopewa makombo. Mtoto wa Kakamega au wa Kisumu hakuwekewa ngazi hiyo hata kidogo. Ubora wa timu ile ulikuwa wa kweli, ila mlango wa kuingilia ulikuwa mwembamba. Kazi ya Uhuru ilikuwa kuupanua mlango, watoto wote wapite.

Likatokea nini? Mwaka 1967 zilipitishwa sheria za uhamiaji na za leseni za biashara, na kuanzia hapo maelfu ya Wahindi wakaondoka, wengi wakielekea Uingereza. Pamoja nao waliondoka wachezaji, waalimu wa mchezo, waamuzi, na wazee wa klabu waliokuwa wakinunua mipira kwa fedha zao. Nyumba ya zamani ikapungukiwa na nguzo, na nyumba mpya hatukuijenga kwa haraka iliyotakiwa. Timu iliendelea kwa nguvu ya malezi ya zamani mpaka 1971, kisha ikaanza kushuka: Munich ikatoka ya 13.

Sisemi kwamba hakuna kilichofanywa. Vijana wa Kiafrika waliingia, wakacheza vizuri, wakaivaa fulana ya nchi kwa heshima. Mwaka 1984 kule Los Angeles tulitoka wa 9. Mwaka 1987 Michezo ya Afrika ilifanyika hapa kwetu Nairobi, na katika uwanja wa City Park timu yetu ya wanaume ikachukua dhahabu na kupata njia ya kwenda Seoul. Timu ya wanawake ya Telkom nayo ilikuwa bingwa wa vilabu vya Afrika mara nyingi sana. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba mchezo huu haumfai Mwafrika. Umemfaa kila alipopewa nafasi.

MANENO YA WANAOPINGA

Nimezunguka katika matawi, na nikizungumza habari hii husikia maneno matatu. Yafaa niyajibu moja moja.

Neno la kwanza ni hili: "Huo ni mchezo wa Wahindi." Ndugu yangu, mpira wa miguu uliletwa na meli ya nani? Kila mchezo una mahali ulipoanzia, na baada ya hapo huwa mali ya anayeucheza vizuri. India yenyewe iliukuta mchezo huu mikononi mwa askari wa Kiingereza. Uingereza ilichukua dhahabu ya Olimpiki mwaka 1908 na mwaka 1920. Kisha India ilipoanza kushiriki mwaka 1928 ikashinda, ikashinda tena 1932 na 1936, na katika miaka hiyo yote timu ya Uingereza haikuonekana katika magongo ya Olimpiki. Walikutana London mwaka 1948, mwaka mmoja tu baada ya India kupata uhuru wake, mbele ya watu wa Uingereza wenyewe, katika uwanja wa Wembley. India ikashinda mabao manne kwa bila. Aliyefundishwa mchezo akamfundisha mwalimu. Na hao wananchi wetu wa 1964 walipocheza Tokyo, fulana waliyovaa iliandikwa jina la nchi gani? Chama kinachohubiri taifa moja hakiwezi kuwahesabu watu kuwa wetu siku ya ushindi na wageni siku nyingine.

Neno la pili: "Tuliharibikiwa kwa sababu ya kugoma Olimpiki." Ni kweli kwamba hatukwenda Montreal mwaka 1976. Tuligoma pamoja na Afrika, kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga kucheza na makaburu wa Afrika Kusini. Mgomo ule ulikuwa wa haki, nami sitatia hata neno moja la kujuta. Mwaka 1980 hatukwenda Moscow. Nakubali pia kwamba gharama yake kwa magongo ilikuwa kubwa, maana ni huko Montreal ambako mchezo huu ulichezwa kwenye nyasi bandia kwa mara ya kwanza katika Olimpiki. Tuliporudi mwaka 1984 tulikuta mchezo umebadilika miguuni mwetu. Lakini tangu 1984 imepita zaidi ya miaka 40. Michezo miwili ya Olimpiki haiwezi kubebeshwa lawama ya miaka 40.

Neno la tatu ndilo zito, na huyo anayelisema namheshimu: "Hospitali hazina dawa, wewe wataka viwanja vya magongo?" Namjibu hivi. Fedha tayari hutumika. Hununuliwa tiketi za ndege, hulipwa hoteli, hulipwa posho za viongozi wanaofuatana na timu kwa idadi inayokaribia idadi ya wachezaji. Serikali ina Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii uliowekwa kisheria kwa kazi hiyo. Sidai sahani ya mgonjwa. Nataka fedha ya michezo ifike kwenye michezo, na ianze kwa mtoto kabla ya kufika kwa mtu mzima anayepanda ndege.

UGONJWA WENYEWE

Sasa tuutazame ugonjwa kama ulivyo. Vipaji viko. Kila mwaka shule za sekondari hushindana katika magongo kuanzia kaunti mpaka taifa, na washindi huenda mashindano ya shule za Afrika Mashariki. Nani hajasikia habari za Kamusinga, za Musingu, za St Anthony's ya Kitale, au za wasichana wa Sinyolo? Huko vijana hucheza kwa moyo mpaka mtazamaji husahau njaa.

Kisha kijana amaliza shule akiwa na miaka 18. Aende wapi? Vilabu vyenye nguvu ni vya askari, vya vyuo vikuu na vya mashirika, na vingi viko Nairobi. Mwenye bahati hupata ajira au nafasi ya chuo, akaendelea. Wengine, ambao ndio wengi, hurudi nyumbani, na gongo hutiwa darini pamoja na jembe lililovunjika. Baada ya miaka miwili kijana huyo huendesha bodaboda, na ukimuuliza habari za magongo hucheka tu. Umri wa miaka 18 mpaka 21 ndio umri ambao nchi nyingine hufanya kazi kubwa kuliko zote. Kombe la Dunia la vijana huchezwa na walio chini ya miaka 21. Kwetu sisi umri huo ni shimo.

Halafu barua hutoka ng'ambo kwamba kuna mashindano. Hapo ndipo watu hukimbizana. Huitwa mchujo, hufunguliwa kambi ya siku chache, hutafutwa viatu, hutafutwa pasi za kusafiria. Timu hufika ugenini ikiwa haijacheza hata mchezo mmoja wa majaribio na timu ngumu. Mwaka 2022 wasichana wetu walikwenda Birmingham katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, wakafungwa mabao zaidi ya kumi katika mchezo mmoja. Siwalaumu wasichana wale hata kidogo. Walisimama mpaka filimbi ya mwisho, na hilo lahitaji ushujaa. Walaumiwe waliowapeleka vitani na fimbo huku wenzao wameshika bunduki.

Na jambo la nyasi bandia wengi hawalielewi, kwa hiyo nitaeleza kama mwalimu. Katika uwanja wa nyasi za kawaida au wa murram, mpira wa magongo hudunda ovyo. Mchezaji hujifunza kuuzuia kwanza, kuutuliza, ndipo apige. Katika nyasi bandia zilizotiwa maji mpira huteleza chini moja kwa moja, upesi sana, na mchezaji hupokea na kutoa kwa mwendo mmoja. Kona ya adhabu, ambayo leo huamua michezo mingi, yahitaji kijana aliyeburuta mpira na kuurusha maelfu ya mara mahali pale pale penye utelezi. Aliyelelewa kwenye murram akipelekwa kwenye nyasi bandia ni kama mtu aliyejifunza kuogelea mchangani. Viwanja vya namna hiyo kwetu ni vichache sana, navyo viko zaidi Nairobi, hali watoto wanaoupenda mchezo wako Magharibi, Nyanza na Bonde la Ufa.

TUJIFUNZE KWA WENGINE

Tazameni Ubelgiji. Ni nchi yenye watu wasiofika milioni 12, yaani sawasawa na sisi tulivyokuwa mwaka 1971. Baada ya Montreal mwaka 1976 haikuonekana katika magongo ya Olimpiki kwa miaka 32, mpaka Beijing mwaka 2008. Lakini katika miaka hiyo ya mwisho ilikuwa imewashika vijana wake na kuwalea kwa mpango mmoja, kundi kwa kundi. Mwaka 2016 ikapata fedha Rio de Janeiro, mwaka 2018 ikawa bingwa wa dunia, na katika Olimpiki ya Tokyo iliyochezwa mwaka 2021 ikachukua dhahabu. Hawakuagiza watu kutoka mwezini. Waliwalea watoto wao.

Tazameni India. Nchi iliyokuwa mfalme wa mchezo huu ilianguka mpaka mwaka 2008 ikashindwa hata kufika Olimpiki, na mwaka 2012 kule London ikatoka ya mwisho. Wakaacha kulia. Jimbo la Odisha, ambalo si tajiri, likaubeba mzigo wa timu za taifa kuanzia mwaka 2018. Huko Odisha iko wilaya ya Sundargarh, ambako watoto wa makabila yaliyodharauliwa kwa miaka mingi hucheza magongo kwa fimbo za mianzi. Serikali ilijenga mabweni ya michezo, mtoto akasoma na kucheza mahali pamoja. Kutoka vijiji vile alitoka Dilip Tirkey, aliyekuwa nahodha wa India na kucheza Olimpiki tatu. Mwaka 2016 vijana wa India walichukua Kombe la Dunia la vijana huko Lucknow. Katika timu ile alikuwamo Harmanpreet Singh. Mwaka 2021 India ikapata shaba, medali yake ya kwanza baada ya miaka 41, na mwaka 2024 kule Paris ikapata shaba tena, nahodha akiwa huyo huyo Harmanpreet. Kijana wa jana ndiye nahodha wa leo. Samaki mkunje angali mbichi.

Najua atatokea mtu aniambie habari za Zimbabwe. Mwaka 1980 nchi nyingi ziligoma kwenda Moscow, na wanawake wa Zimbabwe wakaalikwa wiki chache tu kabla ya michezo. Wakaenda, hata nyasi bandia walizikanyaga kwa mara ya kwanza huko huko, na wakarudi na dhahabu, ya kwanza kwa nchi yao. "Waona?" atasema, "hata timu ya kuokoteza yaweza kushinda." Namwambia atazame vizuri. Wanawake wale wote walikuwa Wazungu, waliokulia katika shule zenye viwanja vizuri na waalimu wa michezo, katika nchi ambayo mtoto mweupe alipewa kila kitu na mtoto mweusi akanyimwa. Waliitwa kwa haraka, lakini hawakulelewa kwa haraka. Walikuwa wamecheza tangu utoto.

Na katika Moscow hiyo hiyo, ndugu zetu wa Tanzania nao walipewa nafasi katika magongo ya wanaume kwa sababu ya mgomo. Walikwenda kwa moyo mweupe. India iliwafunga mabao 18 kwa bila. Timu mbili za Afrika, zote zimeitwa kwa ghafula, katika mji mmoja na mwezi mmoja. Moja ina malezi ya miaka 15 nyuma yake, nyingine haina. Anayetaka somo kubwa kuliko hilo atalipata wapi?

YATUPASAYO KUFANYA

Kulalamika si kazi ya chama. Haya ndiyo ninayotaka tuyadai, na tuyafanye.

Kwanza, ziwepo timu tatu za vijana zisizovunjwa: ya walio chini ya miaka 16, chini ya 18 na chini ya 21, za wavulana na za wasichana. Liwepo daftari la majina. Anayetoka timu moja kwa umri aingie inayofuata, na kila likizo ya shule wakutane kambini chini ya waalimu wale wale. Timu ya taifa ya wakubwa itokane na daftari hilo, isitokane na simu za usiku.

Pili, viwanja. Sidai kiwanja cha nyasi bandia katika kila kaunti, kwa sababu najua hatuna uwezo huo na wadanganyifu ndio huahidi hivyo. Nadai vinne nje ya Nairobi: Magharibi, Nyanza, Bonde la Ufa na Pwani. Vijengwe ndani ya shule au vyuo vya ualimu, mahali penye maji na penye mlinzi, visije vikawa malisho ya mbuzi. Huku tukingoja, uwanja wa murram ukisawazishwa na kufagiliwa unatosha kumwanzishia mtoto, na watoto watano kwa watano waweza kuanza hata juu ya sakafu ya saruji.

Tatu, magongo yenyewe. Magongo ya kisasa huagizwa kwa fedha za kigeni, na shule ya kijijini haiwezi. Lakini kwa miaka mingi magongo ya dunia yalichongwa kwa mti wa mforosadi huko Pakistan na India. Mforosadi unaota hapa kwetu. Mafundi wetu wa vyuo vya ufundi hawashindwi kuchonga gongo la mtoto. Sheria yataka tu gongo lipite katika pete yenye upana wa milimita 51 na liwe laini pande zote. Timu ya taifa itumie magongo ya kisasa. Mtoto wa darasa la tano aanze na la mti.

Nne, waalimu. Katika chuo nilichosomea, magongo tulifundishwa ubaoni. Tulichorewa uwanja kwa chaki, tukaandika vipimo, mita 91 na kitu kwa mita 55, tukafaulu mtihani, na wengi wetu tukatoka bila kushika gongo. Mwalimu wa namna hiyo atamfundisha nini mtoto? Kila mwanachuo wa ualimu acheze, na kila chuo kitoe waamuzi na makocha wenye cheti. Mtaala mpya wa sekondari ya juu una njia ya Sanaa na Sayansi ya Michezo. Jambo hilo ni jema, lakini njia isiyo na waalimu ni jina tu.

Tano, wasichana. Wao ndio wanaoacha mapema zaidi, kwa sababu ya kazi za nyumbani, kwa sababu ya kuolewa, na kwa sababu wazazi huona haya. Mzazi ana haki ya kujua mtoto wake analala wapi kambini na nani anamlinda. Akijibiwa vizuri, atamruhusu. Kila kambi ya wasichana iwe na mwalimu mwanamke mwenye madaraka ya kweli.

Sita, hesabu ziwekwe hadharani. Fedha iliyopokelewa, iliyotumika, na majina ya waliosafiri. Timu ya wachezaji 18 haihitaji viongozi 15. Viongozi wa mchezo wachaguliwe kwa muda uliowekwa, nao muda ukiisha watoke.

KAZI YETU MATAWINI

Serikali ina sehemu yake, nasi tuna yetu. Kila tawi laweza kufanya mambo matatu bila kungoja senti kutoka juu. Mtafuteni mchezaji wa zamani aliye karibu nanyi. Wako wengi, wamesahauliwa, na wengi wao watakuja wakiitwa kwa heshima. Tafuteni uwanja wa shule, mkubaliane na mwalimu mkuu, mfagie. Waandikeni vijana waliomaliza shule wakaacha gongo, muwape siku mbili kwa wiki za kucheza. Kisha diwani akija barazani, aulizwe mbele ya watu: bajeti ya michezo ya kaunti imetumika wapi?

Na hapa nina neno kwa viongozi wetu wa chama, nalo nalisema kwa adabu. Kuna tabia ya kupeleka fulana zenye picha ya mgombea, kutoa mpira mmoja na kombe la bati, kupigwa picha, na kuondoka usiku ule ule. Uchaguzi ukipita, mpira umekwisha upepo na mgombea haonekani. Kuna tabia pia ya kwenda uwanja wa ndege kuipungia timu mkono wakati haijafanya lolote, na kujificha siku inaporudi imefungwa. Vijana wanaona. Mchezo wa watoto usifanywe ngazi ya mtu kupandia kwenye kiti. Atakayesaidia asaidie kimya kimya na kwa miaka mingi, na wananchi watamjua kwa matunda.

Msitazamie ushindi wa mwaka ujao. Mtoto aliye na miaka 12 leo atakuwa na miaka 21 baada ya miaka 9 tu. Miaka hiyo itapita tukifanya kazi, na itapita tukikaa. Tofauti yake tutaiona siku barua ya mashindano itakapofika, na mtu wa kuchagua timu afungue daftari lenye majina ya vijana mia mbili waliolelewa pamoja, badala ya kuanza kupiga simu.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, katika mkutano ujao wa tawi lako simama uulize: hapa kwetu gongo liko mikononi mwa mtoto gani? Kama jibu ni "hakuna", hiyo ndiyo kazi ya kuanza nayo.